Umeme Uliomchagua Jirani

Jirani hakufutwa na umeme. Nilimfuta mimi, kwa kidole changu cha shahada, Alhamisi moja asubuhi katika chumba cha walimu, chai yangu ikiwa bado ya moto. Kwa miaka mingi nimesema ni umeme. Nimelisema hilo kwa maandishi, nimelisema kwa simu, nimemwambia mdogo wangu ana kwa ana huku nikimwongezea mchuzi. Siku hizi umeme ukikatika hapa Kasese naona haya kidogo, kama mtu aliyekutana sokoni na yule aliyemsingizia.

Inafaa nieleze Jirani alikuwa nani, na mimi nilikuwa nani kwake. Tulikuwa na tovuti. Bado tunayo, kwa namna fulani. Ni tovuti ya habari za mashine za michezo, zile zinazochomekwa kwenye televisheni na kuchezwa kwa pedi mkononi, na pembeni yake kuna ukumbi ambamo wasomaji huulizana, hujibizana na kutukanana kwa kiasi. Jirani ni jina alilojichagulia mmoja wa waandishi wa ukumbini. Mimi nilikuwa mhariri, na jina langu pale lilikuwa Afande. Wasomaji waliamini kwamba Afande ni mwanamume, mwenye cheo, pengine na kitambi. Mimi ni mwanamke, mwalimu katika chuo cha ualimu, na kitambi peke yake ndicho walichopatia.

Mwanzilishi ni mdogo wangu. Alikuwa koplo wa mawasiliano katika polisi, kazi ambayo kwa muda mrefu ilikuwa kupanda minara ya redio na kushuka. Tulizaliwa kambini, baba yetu akiwa askari kutoka kaskazini, na tulihamishwa kambi hadi kambi pamoja na vitanda. Kiswahili tulikipata huko, kati ya watoto wa Wakaramojong na Waacholi na Wagisu ambao mama zao hawakuelewana kwa lugha nyingine yoyote. Baadaye nilikwenda chuo kikuu Kampala kusoma lugha hiyohiyo, nikaambiwa kwamba niliijua vibaya. Nikajisahihisha, na tangu hapo nimeshindwa kuacha kusahihisha.

Mashine zenyewe zilikuja na askari. Waliorudi kutoka misheni za nje walileta blanketi nene, manukato ya wake zao, na mashine ya michezo imefungwa ndani ya blanketi. Ukiingia katika zile nyumba za bati za mviringo ambazo sisi wa kambini tunaziita mama-ingia-pole, kwa sababu mlango wake unakulazimisha uiname, ungekuta kitanda, jiko la mkaa, pazia, na nyuma ya pazia askari wawili wazima wakigombana juu ya penalti. Mdogo wangu alikuwa akibandika karatasi kwenye ubao wa kantini ya kambi ya Kasese: nani ana diski gani, nani anataka kubadilishana, mashine ipi imetangazwa Japani. Alipohamishiwa Bwera, ubao ukabaki yatima. Wenzake wakalalamika, naye, badala ya kuwafundisha kubandika karatasi, akajifunza kutengeneza tovuti.

Aliitengeneza kwa Kiswahili. Watu wa mjini Kasese, wanaozungumza Lhukonzo nyumbani na Kiingereza ofisini, walimshangaa. Kwao Kiswahili ni lugha unayoisikia sekunde chache kabla ya kuombwa kitambulisho. Lakini kambi zote za Uganda zinakisoma, na ng'ambo ya mto Lhubiriha, hatua chache kutoka Bwera, inaanza Kongo, ambayo mashariki yake yote inakisoma pia. Mdogo wangu hakufanya utafiti wowote kujua hilo. Alikuwa zamu mpakani, akasikia.

Alinihitaji mimi kwa ajili ya habari. Nilikuwa na nafasi mchana na nilikuwa na maneno. Nilitaka kujiita Mwalimu, akakataa.

"Dada, askari hawezi kutii mwalimu," akasema. "Alikimbia shule juu ya mwalimu."

Basi nikawa Afande. Nilisoma kurasa za nje, nikaandika upya kwa Kiswahili ambacho nilikionea fahari. Mashine mpya ikitangazwa ng'ambo, kesho yake askari wa Moroto anasoma habari yake katika sentensi yenye vishazi vitatu na hitimisho. Nilitunga istilahi. Nilieleza kasi ya vichakataji kana kwamba nimevipima kwa rula. Na kwa kuwa leo nimeshaanza kusema kweli, niseme na hili: sijawahi kucheza mchezo wowote. Sijawahi kumaliza hata ule wa mpira, ambao watoto wa miaka mitano huumaliza. Nilishika pedi mara moja nyumbani kwa mdogo wangu, mtu wangu wa kwenye kioo akageukia ukuta akaendelea kutembea palepale, nikasema nina kikao.

Sheria za ukumbi zilikuwa za kambi. Mgeni akiingia anaripoti: anatoka wapi, ana mashine gani. Akitukana kupita kiasi, au akinakili habari za wengine, anapewa fatiki. Waliokulia kambini wanajua fatiki ni kufyeka majani na kuzoa taka kwa sababu umechelewa paredi. Mdogo wangu alilitafutia neno hilo kazi nyingine. Kwenye ukumbi wetu watu walikuwa wakiandika miongozo: hatua kwa hatua, namna ya kuvuka mahali pagumu katika mchezo, namna ya kutengeneza pedi inayokwama, namna ya kusafisha diski. Sheria ilikuwa kwamba mwongozo haupandishwi ukumbini mpaka mtu wa pili aufuate kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, akiwa na mashine mbele yake, kisha aseme ulipokosea. Kazi hiyo inachosha sana. Hakuna anayependa kucheza kwa mwendo wa mtu mwingine. Basi mdogo wangu akaifanya fatiki. Kila aliyevunja sheria alipewa mwongozo wa mwenzake auhakiki. Kwa kuwa askari wanavunja sheria nyingi, miongozo yetu ilihakikiwa vizuri sana, na sifa zake zikavuka mpaka.

Afande hakuwahi kupewa fatiki. Hakukuwa na mtu wa kumpa.

Jirani alikuja kwa utulivu. Alipotakiwa kuripoti aliandika: "Niko mupakani. Mashine zinapita kwangu." Mwongozo wake wa kwanza ulikuwa wa mistari tisa. Mashine nyingi kuukuu zilizokuwa zikiingia kwetu zilitengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako umeme una nguvu ndogo kuliko wa kwetu. Mtu anainunua, anaichomeka ukutani kwa furaha, inatoa moshi. Jirani aliandika kwamba kabla ya yote geuza mashine, angalia chini, soma namba kwenye kibandiko. Ukiona mia moja, usiichomeke, tafuta kwanza kile kisanduku cha kupunguza nguvu. Ndiyo hiyo tu. Wiki hiyo mimi nilikuwa nimeandika kurasa mbili juu ya mustakabali wa burudani ya kidijitali. Nadhani mwongozo wa Jirani uliokoa mashine nyingi. Kurasa zangu sijui ziliokoa nini.

Akaendelea. Aliandika zaidi ya miongozo sitini, yote kwa Kiswahili chake cha Butembo, kule Kongo, bila kuomba radhi. Alikuwa na namna ya kumshika msomaji mkono. "Hapa utakufa mara mbili, usikasirike, hata miye nilikufa." Mwanzoni nilimrekebisha. Nilipanga maneno yake, nikaweka nukta, nikapandisha. Wasomaji wakalalamika kwamba miongozo imekuwa mikavu. Mdogo wangu akaniambia niache, nikaacha, na tangu siku hiyo nikawa nasoma kila alichoandika nikiwa na kalamu ambayo sikuruhusiwa kuitumia.

Halafu Alhamisi ile. Nilifungua ukumbi kati ya kipindi cha pili na cha tatu. Askari mmoja wa Gulu alikuwa amemwandikia mgeni: "Anza na Jirani. Jirani anaandika kama mtu mumekaa naye kwa mkeka. Afande anaandika kama mtihani." Chini yake watu ishirini na kitu walikuwa wamecheka. Mmoja aliongeza: "Mtihani bila majibu."

Nilikunywa chai kidogo. Kisha nikaingia mahali ambapo mimi na mdogo wangu peke yetu tuliweza kuingia, nikamtafuta Jirani, nikabonyeza. Tovuti iliuliza kama nataka kumwondoa mwanachama huyu pamoja na yote aliyoandika. Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena, kwa adabu, kama nina hakika. Watu wachache wamewahi kuniuliza jambo mara mbili. Nikabonyeza ndiyo.

Nimejaribu kwa miaka kukumbuka kwamba nilitaka kumsimamisha kwa siku tatu tu, na kidole kikateleza. Hakikuteleza.

Lililo baya zaidi ni Ijumaa. Mdogo wangu alikuwa na desturi ya kunakili tovuti nzima kila Ijumaa jioni kwenye diski moja, nakala mpya ikifuta ile ya zamani, kwa sababu diski ya pili hakuwa nayo. Nilijua. Nilikuwa na Alhamisi iliyobaki na Ijumaa nzima ya kumpigia na kusema, usinakili leo, nimeharibu kitu. Simu ilikuwa na chaji. Ijumaa jioni akanakili pengo, na miongozo ikawa haipo mahali popote.

Jumamosi nikaandika tangazo. Nilisema hitilafu ya umeme ilikata kazi ya kuhifadhi, na baadhi ya machapisho yamepotea. Ukiacha uongo, lilikuwa tangazo zuri. Mtu anayeishi chini ya milima hii, ambayo mito yake pale Bugoye inazungusha mitambo na kupeleka umeme mbali, alitegemewa angalau aulaumu umeme kwa haki.

Mdogo wangu aliamini kosa ni lake, kwa kuwa hakuwa ameifungia kompyuta yake betri ya kuilinda umeme ukikatika. Alijipa fatiki tatu hadharani, akazifanya, akaomba radhi kwa jina lake kamili na cheo chake. Na Jirani akafungua akaunti mpya kwa ajili ya ujumbe mmoja:

"Pole na shida. Lakini nauliza. Kwa nini umeme ilichagua miye peke yangu?"

Hakuna aliyemjibu. Mdogo wangu hakuwa na jibu, na mimi nilikuwa nalo. Jirani hakurudi.

Miaka ikapita kama inavyopita kwenye tovuti, yaani watu wanaacha kuandika bila kuaga. Mdogo wangu alistaafu, akakodi kipande cha shamba katika skimu ya umwagiliaji ya Mubuku, sasa analima mpunga na kuendesha ukumbi kwa simu akiwa amesimama tutani. Mapema mwaka huu ilibidi tuhamishe kurasa zetu kwingine, na kwa kuwa kuhama kunafanya watu wakumbuke, wanachama waliobaki wakadai ukurasa wa historia. Alikuja nyumbani na mfuko wa mchele.

"Dada, iko kitu nataka uandike. Tulianza namna gani, tulifika wapi. Wewe ndio unajua maneno."

Niliandika kwa siku mbili. Nilipofika kwa Jirani niliandika "hitilafu ya umeme" kwa vidole vilivyozoea. Alisoma, akanirudishia.

"Iko sawa. Lakini hawatakubali. Wanasema historia bila Jirani ni gwaride bila bendi. Wanataka ile miongozo irudi." Akakuna kidevu. "Nimempata. Mwenzangu mmoja bado yuko zamu Bwera, aliuliza sokoni. Jirani ni mama, Dada. Mama mzima na wajukuu. Anauza mashine pale mpakani. Pengine alibaki na nakala. Nenda umwone. Nyinyi wanawake mtaelewana."

"Nenda wewe."

"Mimi nitamwambia nini? Kwamba sikununua betri?"

Nikaenda Ijumaa, siku ya gulio. Njiani nilitunga sentensi ya kuungama. Nilipofika Bwera ilikuwa na vishazi vitatu.

Soko la mpakani siku ya gulio linavuka mpaka pande zote mbili kwa wakati mmoja. Nilimpata kwa kuuliza mama wa mashine. Alikuwa mwanamke mnene kidogo kuliko mimi, rozari ya plastiki shingoni, ameketi nyuma ya meza iliyopangwa pedi kama samaki. Mashine zenyewe zilikuwa zimevikwa pijama za watoto za mitumba ili zisiingie vumbi, mikono ya pijama imefungwa fundo. Meza ya jirani yake ilikuwa na makayabu, wale samaki wa chumvi wa Kongo, na muuzaji wake alikuwa na sikio refu.

"Karibu, mama," akasema. "Uko natafuta ya mutoto ao ya muzee?"

"Ya kwangu."

"Ya kwako!" Akageuka. "Mama Makayabu, umesikia? Anasema ni ya kwake! Basi kaa. Muteja wa namna hii anakujaka mara moja kwa mwaka."

Nikakaa. Nikasema nahitaji kamba ya kuunganisha mashine na televisheni. Akauliza mashine gani. Nikataja moja niliyowahi kuiandikia kurasa nne. Alipokuwa akitafuta kwenye sanduku nikauliza, kana kwamba ndiyo kwanza limenijia, kama anaijua ile tovuti ya Kiswahili ya michezo.

"Ile ya basoda, ya bale askari? Naijua. Nilikuwa naandika mule, miaka mingi. Afande moja akanifukuza."

"Mimi nilisikia ilikuwa umeme."

Aliacha kutafuta. "Mama Makayabu, kuja usikie! Na huyu pia banamwambia ni umeme!"

"Ule umeme uko na macho?" akauliza Mama Makayabu. "Unapita nyumba za batu yote, unaingia kwako tu?"

"Ulinitafuta na jina yangu!"

"Ulibisha hodi?"

Wakacheka mpaka mmoja akashika meza. Nilicheka pia, sikujua la kufanya na uso wangu.

"Ulimchukia sana, huyo Afande," nikasema.

"Nô, mama. Namuonea huruma." Alifuta macho kwa pembe ya kitenge. "Anaandika vizuri kabisa. Kama padri. Lakini ule mutu hajachezaka. Niliona tu. Mutu mwenye kucheza, ukisema juu ya pedi, utasema kwanza namna gidole inauma. Yeye hakusemaka gidole hata siku moja."

Nilificha vidole vyangu chini ya mkoba. Nikamuuliza kama angerudi kuandika, ikiwa wangemwomba.

"Banaomba. Polisi moja alikuja hapa juzi, na heshima yote. Nikamwambia, mutu aseme kwanza: ni miye. Si juu ya hasira, hasira ilipita. Lakini nikirudi bila kujua ni nani, kesho ule umeme utanichagua tena. Nitaandika kwa mikono gani?"

Hapo ndipo sentensi yangu ilipaswa kutoka. Niliisikia ikijipanga, kishazi kwa kishazi. Nikasema:

"Kamba ni bei gani?"

Nililipa kwa simu. Simu yake ikalia, akaisoma, akanitazama, akaisoma tena. Nilidhani ni mtandao. Akaifunga kamba kwenye gazeti polepole kuliko ilivyohitajika, kisha akachota kwenye kopo vitu viwili vyeusi vidogo, kofia za mpira za kuvika vijiti vya pedi ili kidole kisiteleze.

"Shika. Matabishi," akasema. Ndivyo wanavyoita nyongeza ya mteja. "Ya gidole."

Nilirudi Kasese nikiwa na kamba ya mashine nisiyokuwa nayo. Nikaiweka mezani bila kuifungua, nikafungua ukurasa wa historia, nikafuta umeme. Kuandika yaliyotokea hakukuchukua hata nusu saa. Niliandika kwamba ni mimi, kwamba niliulizwa mara mbili, kwamba nilikuwa na Ijumaa nzima, kwamba sijawahi kucheza. Sikuandika kwa nini. Kisha nikaona kwamba hiyo nayo ni namna ya umeme, nikaandika wivu. Neno fupi. Nimefundisha fasihi maisha yangu yote, na wanafunzi wakiandika neno hilo kwenye insha huwaambia walifafanue.

Nilimpelekea mdogo wangu mwenyewe, Mubuku. Nilitaka asome nikiwepo, jambo ambalo nililiona la kijasiri mpaka nilipokuwa pale nimesimama kwenye tuta na viatu vya kwendea kanisani. Alisoma kwenye simu, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu. Alisoma hadi mwisho. Kisha akatembea hadi kwenye mfereji, akateremsha kile kibao cha kuzuia maji yasiingie shambani kwake, akakishindilia kwa kisigino, akarudi.

"Nimenunua betri nne," akasema.

"Najua."

"Ya kwanza, ya pili ikavimba, ya tatu. Na hii iko nyumbani."

"Najua, mdogo wangu."

"Nilijipa fatiki tatu, Dada. Ile moja ilikuwa ya mchezo wa samaki. Saa kumi na nne." Alitazama mpunga wake. "Nilijiambia, dada yangu alisoma chuo kikuu, akisema ni umeme, ni umeme."

Nikamuuliza kama atarekebisha chochote.

"Itapanda kama iko. Sasa hivi." Akabonyeza pale pale, na simu yake haikumuuliza mara mbili. "Lakini kwa Jirani sikusaidii. Akija, akikataa, hiyo ni yenu."

Ukumbi ulisema uliyosema. Askari wa Gulu, ambaye sasa naye amestaafu, aliandika kwamba hii ndiyo habari ya kwanza ya Afande aliyoielewa yote. Wengine walitaka nifukuzwe. Mmoja alidai nipigwe gwaride juani. Wengi walishangazwa zaidi na kwamba mimi ni mwanamke, na mazungumzo yakaishia huko kwa siku mbili. Jirani hakuandika. Mdogo wangu hakupiga simu, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu apate simu. Nilisahihisha mitihani. Nilijibu kengele za chuo. Niliikwepa ile kamba mezani, nikawa nakulia jikoni.

Jumapili ya wiki iliyofuata, saa ambayo watu wanatoka misa ya pili, simu ikaita. Namba sikuijua. Nyuma yake nilisikia wanawake wakiagana na kengele ikimalizia.

"Afande," sauti ikasema. "Ni Jirani."

Nikasimama. Nilikuwa peke yangu nyumbani, lakini nikasimama.

"Nimesoma. Nimesomea na Mama Makayabu, amesema umeme sasa ina jina." Alicheka kidogo. "Lakini miye nilijua tangu ile Ijumaa. Ulipolipa, jina yako ilitoka kwa simu. Jina ya baba ni moja na ya ule Koplo aliombaka radhi. Nikasema, aa, njo huyu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nakuuzia kamba, mama. Tena nilingoja nione kama utasema mwenyewe."

Nikamwambia samahani. Nilikuwa na mengine ya kuongeza, lakini alinikatiza kama mtu anayepokea mzigo na kuuweka chini ili aendelee na kazi.

"Sawa. Imeingia. Sasa sikia. Miongozo iko."

"Iko?"

"Yote. Niliandikaka kwanza kwa kaye, daftari za watoto, juu simu ilikuwa ya mume wangu. Kaye kumi na moja. Iko kwangu chini ya kitanda, umeme haikufika. Nitairudisha. Lakini kwenu kuko sheria. Mwongozo haipande bila mutu wa pili kuicheza yote, mustari wa kwanza mupaka mwisho."

"Ile ilishahakikiwa zamani," nikasema. "Na tukihitaji watu, ukumbini wapo. Nitawatafuta."

"Hapana. Ule mutu wa pili ni weye."

"Mimi sijui kucheza."

"Najua. Sasa kila mutu anajua, umeandika. Njo maana inaitwa fatiki."

"Ni zaidi ya sitini."

"Sitini na saba. Tutakuwa tunafanya siku ya gulio, kule sokoni mezani kwangu, nikikuona. Ukikufa mara mbili, usikasirike. Tunaanza na ile ya kugeuza mashine na kuangalia chini. Ile hata weye utaweza." Nilimsikia akimwitikia mtu, kisha akarudi. "Ijumaa, basi. Mbele ya saa tatu. Na kamba yangu, kuja nayo. Najua haujaifungua."

Niliitazama mezani. Ilikuwa bado kwenye gazeti lake.

"Nitakuja nayo," nikasema.